Kitabu Chekundu cha Mjomba

Juzi tulikuwa tunamsaidia mjomba kuhama nyumba. Huyu ni ndugu ya mamangu, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyeendesha matatu za Nakuru–Nairobi karibu miaka 20 kabla mgongo haujakataa. Kwa droo ya kabati, chini ya risiti za stima na picha za harusi, nikapata leseni yake ya zamani. Si hii kadi ya siku hizi. Ile ya kitabu, jalada jekundu limefifia likawa rangi ya matofali, ndani kumebandikwa vikaratasi vya malipo kimoja juu ya kingine mpaka kitabu hakifungi vizuri.

Nikaipekua yote. Kwa familia yetu kila mtu anajua mjomba alishikwa mara ngapi. Kuna stori zake ambazo husimuliwa kila Krismasi: alivyolala seli na tai ya sare shingoni, alivyofikishwa kortini mara 2 kwa wiki moja, alivyompita trela kwenye kona akakuta karao anamngoja upande wa pili. Kwa hivyo nilitarajia kupata muhuri wa mahakama mahali, hata mmoja. Hakuna. Kitabu ni safi kama cha mtu anayetoa gari Jumapili pekee kwenda kanisani.

"Mjomba, mbona hapa hakuna kitu?"

Akacheka. "Kwani ulitaka kuwe na nini? Si nililipa."

Nililipa. Hilo neno limenikaa kichwani wiki mbili, ndiyo sababu naandika haya.

Ajali kubwa ikitokea Kenya, sote huwa tunaimba wimbo mmoja mtandaoni: hawa madereva wa makosa ya kila siku wafutiwe leseni, waende wakalime. Nimeuimba pia. Watu zaidi ya 4,000 wanakufa kwa barabara zetu kila mwaka, huwezi kunyamaza. Lakini nilidhani kufuta leseni ni wazo jipya ambalo wakubwa wetu wamelikalia. Kumbe ni la zamani kuliko Kenya yenyewe, na limekuwa kwa sheria zetu muda wote huo. Sasa swali ni, kama ni la zamani hivyo, kwa nini kitabu cha mjomba ni kisafi?

Turudi Uingereza mwaka wa 1903. Magari bado ni ya matajiri, na watu wa kawaida wanayachukia kwa vumbi na kwa kuua kuku. Bunge linapitisha sheria ya magari: kuanzia Januari 1904 kila dereva awe na leseni. Hakuna mtihani. Unalipa shilingi 5, unapewa karatasi, unaenda zako. Mtihani wa lazima ulikuja 1935, zaidi ya miaka 30 baadaye! Yaani hiyo karatasi haikuthibitisha kwamba unajua kuendesha gari. Ilikuwa na kazi nyingine. Ukikosa, mahakama ingeweza kuisimamisha, au kuandika kosa lako juu ya leseni yenyewe. Ukienda mbele ya hakimu mwingine mji mwingine, anaifungua, anasoma wewe ni nani. Na walijua binadamu ni mjanja, maana sheria hiyo hiyo ilifanya kuwa kosa kuomba leseni mpya bila kusema kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa.

Hapo ndipo mambo yalinigeuka kichwani. Mimi nilidhani leseni ni ruhusa. Wao waliianzisha kama daftari, na dereva ndiye alilibeba daftari lake mwenyewe mfukoni.

Waingereza waliendelea na vijitabu vyao, na ndiyo, vyao pia vilikuwa vyekundu hadi miaka ya 1970. Mwaka wa 1962 waliongeza hesabu: ukiandikwa mara 3 ndani ya miaka 3, unakaa nje miezi 6. Hapo ndipo mkosaji wa kurudia akawa aina yake ya mkosaji, tofauti na mtu aliyekosea siku moja.  Ubaya ni kwamba hesabu ile haikutofautisha makosa sana, kuandikwa ni kuandikwa. Ndiyo maana 1982 wakahamia pointi: kosa dogo pointi chache, kosa kubwa nyingi, ukifikisha 12 kwa miaka 3 unawekwa kando.

Wajerumani walikuwa wameshaliona tatizo lingine. Kitabu cha mfukoni kinaweza kupotea, kuloweka, kuliwa na mbuzi. Kwa hivyo Januari 1958 walifungua rejista moja ya nchi nzima katika mji wa Flensburg, huko juu kabisa karibu na mpaka wa Denmark. Makabati ya kadi. Ukishikwa Munich, mwisho kabisa wa nchi upande ule mwingine, kadi yako inaandikwa Flensburg. Mwaka wa 1974 wakaweka pointi: ukifika 18, leseni inaenda. Tangu 2014 wamepunguza mizani, sasa mwisho ni 8. Jina la mji huo limekuwa kama neno la kawaida kwao. Mtu anasema ana pointi Flensburg vile sisi tungesema ana deni kwa duka la mtaa. Hebu fikiria kamji kadogo kanajulikana na nchi nzima kwa sababu kanakumbuka dhambi za watu za barabarani. Na uone tarehe: 1958, kazi ya kadi na kalamu.

Lakini Ufaransa ndio wamenifanya nimfikirie mjomba. Tarehe 1 Julai 1992 leseni ya pointi ilianza huko. Kila dereva alipewa 6, na ukikosa unapunguziwa. Madereva wa malori wakafunga barabara. Si mgomo wa kukaa nyumbani; waliegesha malori barabarani nchi nzima wakati watu wanaenda likizo, na serikali ikahangaika siku kadhaa kuyaondoa. Hoja yao ilikuwa rahisi. Mtu wa gari dogo anaendesha kilomita chache kwa siku. Sisi tunaishi barabarani. Kwa hivyo nafasi yetu ya kushikwa ni kubwa mara nyingi zaidi, halafu sisi ndio tukipoteza leseni tunapoteza ugali.

Na walikuwa na haki kidogo, jameni. Serikali haikufuta mpango, lakini kabla mwaka huo haujaisha pointi 6 zikawa 12. Leo Mfaransa anaweza kuhudhuria kozi ya siku 2 akarudishiwa hadi pointi 4. Hata Uingereza, mtu aliyefikisha 12 anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema akinyang'anywa leseni atateseka kupita kiasi, na wako wanaosikilizwa. Kwa hivyo hakuna mahali nilipopata ambapo kufuta leseni kulikuja bila vita kuhusu chakula. Ukiona mtu anakwambia ni jambo rahisi, huyo hajawahi kupeleka pesa kwa mwenye gari saa 3 usiku.

Sasa turudi nyumbani.

Sheria yetu ya trafiki, Sura ya 403, ilianza kufanya kazi Januari 1954, enzi za mkoloni, Nairobi iko chini ya hali ya hatari. Ilikuja na mambo yote ya Uingereza: mahakama inaweza kuandika kosa kwa leseni, kuisimamisha, kuifuta, kumzuia mtu kuendesha. Tulirithi daftari. Shida ni kwamba tulirithi daftari bila kabati la kuliweka, na maisha ya barabara zetu yakakimbia kuliko kalamu ya karani.

Matatu zilianza kama magari ya wizi wa rauti, senti 30 kwa safari, ndiyo asili ya jina lenyewe. Mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta akatangaza kwamba zinaweza kubeba watu bila leseni maalum ya usafiri. Wengi huisimulia hii kama stori tamu ya hustle, na ni kweli, watu wengi walipata kazi. Ila ina upande mwingine. Mpaka sheria ilipobadilishwa 1984, biashara kubwa ya kubeba watu ilikua ikiwa nje ya daftari. Mtu alikuwa na leseni ya kuendesha, ndiyo, lakini ofisi iliyotakiwa kumwangalia kama mbebaji wa watu haikuwa na karatasi yake. Na tabia za miaka 11 ya kwanza hazifi kwa siku moja. Kwani zimekufa hata leo?

Halafu akaja Michuki. Kama ulizaliwa baada ya 2004 hujui maana ya jina hilo kwa watu wa matatu. John Michuki, waziri wa uchukuzi wa serikali mpya ya Kibaki, alichapisha kanuni zake Oktoba 2003 na zikaanza kuuma tarehe 1 Februari 2004. Spidi gavana ya kilomita 80, mikanda kila kiti, ufito wa manjano, abiria 14, dereva sare ya buluu, kondakta maruni. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu, yeye hakutingishika.

Hayo kila mtu anayakumbuka. Yanayosahaulika ni yale mengine aliyoyaweka humo ndani: dereva awe na cheti cha tabia njema, picha yake ionekane ndani ya gari, apimwe tena kila miaka 2, na aajiriwe kwa kudumu. Mimi naona hapo ndipo Michuki alikuwa mjanja kweli. Alielewa kwamba huwezi kumwadhibu dereva kama hujui ni nani anaendesha.

Maana hapa lazima tuzungumzie skwodi. Kama hujui matatu vizuri: mwenye gari anampa dere gari, dere anatakiwa kupeleka kiasi fulani kila jioni. Dere akichoka mchana, anamwachia mwenzake wa steji azungushe trip mbili tatu. Huyo mwenzake ndiye skwodi. Hana mkataba, hana picha kwa gari, na mwenye gari huenda hajawahi kumuona. Kosa likifanyika na skwodi, ni la nani? La gari. Na ukiangalia vizuri, Kenya tumezoea kuadhibu gari. Namba ya gari inaandikwa, gari linapelekwa kituoni, na ajali ikiwa mbaya sacco nzima inasimamishwa siku kadhaa. Magari 30 yanalala, makanga ambao hawakuwa hata karibu wanalala njaa, na dere mwenyewe Jumatatu yuko kwa sacco nyingine na leseni ile ile.

Ndivyo ilivyopotea ile sehemu nzuri ya Michuki. Ufito wa manjano ulibaki kwa sababu unaonekana kutoka mbali. Ajira ya kudumu ilikufa kimya kimya kwa sababu karao hawezi kuiona akiwa amesimama kando ya barabara. Tarehe 12 Novemba 2018 serikali ikatangaza kwamba sheria za Michuki zinarudi, na Nairobi nzima ikatembea kwa miguu tena. Fikiria hiyo: sheria ambazo hazijawahi kufutwa zinatangazwa kwamba zinarudi!

Katikati hapo kuna 2012. Bunge lilipandisha faini na vifungo, zikaanza kutumika Desemba. NTSA ikaundwa kwa sheria ya mwaka huo huo. Watu wa matatu waligoma, na mojawapo ya malalamiko yao tuliichukulia kama kisingizio: kwamba faini kubwa itapandisha tu bei ya hongo. Nimemuuliza mjomba kuhusu hiyo. Alinijibu bila kufikiria, kama mtu anayeulizwa bei ya sukari: "Faini ikiwa elfu, unatoa mia. Faini ikiwa elfu mia, unadhani bado atachukua mia?"

Sote tunajua hongo ya barabarani ni wizi. Nilichokuwa sijaona ni kazi yake nyingine, kwamba ni kifutio. Kila mia mbili iliyokunjwa ndani ya leseni na kupitishwa dirishani ni kosa ambalo halikuandikwa popote. Hata ukipata Flensburg yako, ukaijaza kompyuta za kila aina, itakuwa na kumbukumbu za wale tu ambao siku hiyo hawakuwa na chenji. Na hata aliyefika kortini, mara nyingi ni foleni: madereva thelathini wanasimama, wanakubali kosa pamoja, mwenye gari anatuma pesa, saa 7 mchana dere yuko barabarani anafidia muda aliopoteza. Unajua anavyofidia. Hakuna aliyefungua kitabu kuuliza kama ni mara ya kwanza au ya kumi na moja. Mjomba alilipa, kwa hivyo kosa limeisha, kama soda.

Mwaka wa 2017 NTSA ilileta leseni ya kadi yenye chipu, na tukaambiwa itakuja na pointi: ukikosa unapunguziwa, zikiisha leseni inasimamishwa. Mwishowe, daftari lisilopotea. Kisha alfajiri ya 31 Desemba mwaka huo huo basi na lori zikagongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Hasira ya nchi ilikuwa kubwa, na Januari 2018 rais akaagiza maafisa wa NTSA watoke barabarani, kazi ibaki kwa polisi wa trafiki. Sisemi NTSA walikuwa malaika. Lakini angalia mpangilio: ofisi inayoshika daftari ikaondolewa mahali makosa yanapofanyika, na wanaobaki mahali makosa yanapofanyika hawashiki daftari.

Mimi nina hiyo kadi, na babangu anayo. Nimeuliza madere wa rauti yetu, nimeuliza watu wa boda, nimeuliza rafiki zangu wenye magari ya app. Sijapata mtu hata mmoja aliyesimamishwa kwa sababu pointi zimeisha. Wengi wao walishangaa kusikia pointi ni nini.

Kwa hivyo nikisikia mtu anasema wafutiwe leseni siku hizi, sisemi hapana. Nauliza kwanza: nani aliandika kosa la kwanza? Na la pili? Dere anayefutiwa leseni Kenya leo kwa kawaida ni yule ambaye tayari ameua. Pointi zilibuniwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajaua, anayepita kwenye kona kila Ijumaa na kila Ijumaa Mungu anamsaidia. Na nauliza pia kama wale Wafaransa, atakula nini? Kozi ya siku 2 iko wapi? Kati ya kumpa onyo na kumtoa kazini kabisa, wenzetu waliweka ngazi nyingi. Sisi tuna ngazi mbili, mia mbili na kaburi, na hapo katikati dere anashuka na kupanda vile anataka.

Sikuwa nimepanga kumuuliza mjomba swali la mwisho. Tulikuwa tumeshapakia vitu kwa pikapu, amekaa kwa kiti cha plastiki, kile kitabu kiko mkononi mwake, anakigeuza geuza. Nikamuuliza kama kuna mwaka ambao wangekichukua ingekuwa haki.

Alikaa kimya hadi nikadhani amekasirika. Kisha akasema kulikuwa na mama mmoja pale Gilgil, miaka ya tisini. Alikuwa anavuka na jerikeni. Mjomba alikuwa anakimbizana na gari lingine la kwao kuwahi abiria. Mama hakufa, lakini mguu haukurudi. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameshikwa kwa spidi barabara hiyo hiyo, na mwezi kabla ya hapo pia. Zote alilipa. Na ya mama alilipa.

"Wangeichukua ile ya pili," akasema, "ningewatukana mpaka leo. Mamako angewatukana. Ningerudi kuwa makanga, pengine ningeuza viatu." Akakifunga kile kitabu, kikafunguka tena chenyewe kwa sababu ya zile karatasi. "Lakini yule mama angefika na maji."

Kisha akaniambia nikitafutie mpira wa kukifunga, kisipotee kwa safari.